Kizuri Chajiuza? Bendi za Indie, Miongo na Ukweli wa Maoni

Bendi huonekana kupanda au kushuka kadiri miongo inavyopita, na wapenzi wa muziki hubishana juu ya jambo hilo kana kwamba lina jibu. Mmoja hushikilia kwamba R.E.M. walifika kileleni katika miaka ya 1980, kisha wakateremka. Mwingine hudai kwamba Slowdive, waliodharauliwa mwaka 1993, walikuwa bora kuliko wengi waliosifiwa mwaka huo. Kauli za namna hii huitwa maoni binafsi. Hata hivyo, anayezitoa hakusudii tu kusema kwamba yeye anapenda hiki na hapendi kile, maana kwa hilo pasingekuwa na la kubishania. Anadai kwamba amesikia jambo ambalo wengine nao, wakisikiliza vizuri, watalisikia. Swali la kifalsafa linaanzia hapo. Je, dai hilo linaweza kuwa la kweli au la uongo? Na kama linaweza, ukweli huo unakaa wapi, ilhali sauti iliyorekodiwa haibadiliki lakini sifa yake hubadilika kila kizazi?

Kwa nini bendi za indie

Jina la indie linatokana na neno lenye maana ya kujitegemea. Mwezi Januari 1977 Buzzcocks, vijana wa Manchester, Uingereza, walitoa santuri ya Spiral Scratch kwa lebo yao wenyewe, New Hormones, kwa fedha za kukopa kwa watu wa karibu. Wengine waliona kwamba kumbe inawezekana. Rough Trade, duka la santuri lililofunguliwa London mwaka 1976, lilianzisha lebo mwaka 1978, na Factory ikazaliwa Manchester mwaka huohuo. Marekani nako zilitokea SST huko California na Dischord jijini Washington. Kufikia mwaka 1980 lebo huru za Uingereza zilikuwa na orodha yao ya mauzo, mbali na ile ya makampuni makubwa.

Asili hiyo ina uzito katika swali hili. Katika muziki wa soko kubwa, hukumu ya kwanza hutolewa na mauzo, na mwenye shaka huonyeshwa takwimu. Bendi huru zilikikataa kipimo hicho, au hazikuweza kukifikia. Kilichobaki kuzipima ni masikio: waandishi wa magazeti ya muziki, watangazaji wa usiku kama John Peel wa BBC, wauza santuri, na neno la rafiki kwa rafiki. Katika ulimwengu huo maoni ndiyo yaliyoamua nani anapata nafasi ya kurekodi tena na nani anarudi kazini kwake. Kwa hiyo, kama maoni hayawezi kuwa ya kweli wala ya uongo, basi historia yote ya bendi hizo ni bahati nasibu.

Maana nne za kushuka

Ubishi mwingi hurefuka kwa sababu neno moja linabeba mambo manne. Kushuka kwa bendi kunaweza kuwa kupungua kwa umaarufu, kudhoofika kwa kazi zake mpya, kupotea kwa hadhi ya kazi zake za zamani, au kupoa kwa moyo wa yule anayesema. Vivyo hivyo kwa kupanda.

Jambo la kwanza ni la hesabu. R.E.M. walianza Athens, Georgia, mwaka 1980, wakahamia kampuni kubwa ya Warner mwaka 1988, wakauza mamilioni. Albamu yao Monster ya mwaka 1994 ilinunuliwa sana, kisha ikauzwa tena na wanunuzi wengi kiasi kwamba kava lake la rangi ya chungwa lilizoeleka kwenye rafu za maduka ya CD zilizotumika. Hayo yanahesabika, wala hayahitaji falsafa.

Jambo la pili linahusu bendi yenyewe. The Stone Roses walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1989, na ya pili ikaja Desemba 1994, zaidi ya miaka mitano baadaye. Anayelinganisha albamu hizo analinganisha kazi mbili tofauti, na kusema ya pili ni dhaifu ni hukumu ya kawaida. Hapa huzuka fumbo dogo tu, lile la merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine hadi watu wakajiuliza kama bado ni ileile. Katika The Fall, iliyodumu kuanzia 1976 hadi 2018, aliyekuwepo mwanzo hadi mwisho ni Mark E. Smith peke yake. Anayesema The Fall walishuka hana budi kwanza kusema ni akina nani hao walioshuka.

Fundo lenyewe liko katika jambo la tatu na la nne: kazi ambayo haijaguswa lakini inapanda au kushuka, na msikilizaji ambaye hajui kama kilichobadilika ni muziki au ni yeye.

Kazi isiyobadilika

Albamu ya kwanza ya The Velvet Underground ilitoka New York mwaka 1967, na haikufika hata katika mia moja bora za Marekani. Leo ni vigumu kuandika historia ya bendi za gitaa bila kuitaja. Big Star wa Memphis walitoa #1 Record mwaka 1972. Waandishi waliisifu, lakini usambazaji wake ulikuwa mbovu na waliotaka kuinunua hawakuipata madukani. Radio City ya mwaka 1974 ilipatwa na msiba huohuo. Albamu ya tatu ilirekodiwa 1974 ikakaa hadi 1978 ndipo ikatolewa, na mwishoni mwa mwaka huo Chris Bell, mmoja wa waanzilishi, akafa katika ajali ya gari. Miaka ya 1980 wanamuziki wa R.E.M. na The Replacements wakawataja Big Star kuwa walimu wao, na bendi iliyokuwa imekwisha ikaanza kupanda.

Slowdive wa Reading, Uingereza, walipata dhoruba ya aina nyingine. Santuri zao zilipatikana, lakini magazeti ya muziki yalizikejeli. Albamu yao Souvlaki ilitoka 1993, wakati waandishi wa London wakitaka nyimbo zenye maneno ya wazi na waimbaji wa kujitutumua. Sauti za Neil Halstead na Rachel Goswell, zilizozamishwa ndani ya gitaa zenye mwangwi, zilionekana kuwa ukungu mtupu. Baada ya albamu ya Pygmalion, mwaka 1995, lebo yao iliwaacha, na bendi ikavunjika. Waliporudi jukwaani mwaka 2014 walikuta umati uliojaa vijana ambao mwaka 1993 walikuwa hawajazaliwa, na albamu yao ya 2023 ikaingia katika kumi bora za Uingereza.

Hakuna noti iliyoongezwa katika Souvlaki kati ya 1993 na 2014. Basi kilichopanda ni nini? Wanafalsafa wana mfano wa zamani wa jambo hili. Katika kitabu cha Plato, Theaetetus, Socrates anaona ajabu kwamba mwaka huu yeye ni mrefu kuliko kijana Theaetetus, na mwakani atakuwa mfupi kuliko yeye, ilhali hajapungua hata kidogo. Peter Geach, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 20, aliyatenga mabadiliko ya namna hiyo na mabadiliko halisi. Mtu huwa mjomba bila kuinuka kitini, dada yake anapojifungua. Hakuna kilichotendeka mwilini mwake, lakini si uongo kusema sasa ni mjomba.

Kazi ya sanaa nayo hupata watoto. Mshairi T. S. Eliot aliandika mwaka 1919 kwamba kazi mpya ya kweli inapozaliwa, mpangilio mzima wa kazi zilizotangulia husogea kidogo ili kuipisha. Mwandishi Jorge Luis Borges, katika insha ya mwaka 1951 kuhusu Kafka, alikwenda mbali zaidi: mwandishi huwaumba waliomtangulia, kwa kuwa bila yeye kufanana kwao kusingeonekana. Big Star wa 1972 walikuwa vijana wanaocheza mtindo uliohesabiwa kuwa umepitwa na wakati. Big Star wa 1985 walikuwa chemchemi. Kusema walipanda ni kusema kweli, kama ilivyo kweli kwamba fulani amekuwa mjomba. Lakini ukweli huo ni wa uhusiano. Hautoshi kuthibitisha kwamba muziki wao ni mzuri, maana hata kazi mbaya inaweza kuzaa wafuasi.

Msikilizaji anayebadilika

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika insha juu ya kipimo cha ladha mwaka 1757. Humo anaeleza kwamba mtu wa miaka ishirini huweza kumpenda Ovid, wa arobaini akampenda Horace, na wa hamsini pengine Tacitus. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila umri una joto lake, na mtu huchagua mwandishi kama anavyochagua rafiki, kwa tabia inayolingana na yake.

Kwa muziki jambo hili ni zito zaidi. Nyimbo zilizosikika katika ujana hushikamana na kumbukumbu kuliko za umri mwingine wowote, na wanasaikolojia wamelithibitisha hilo mara nyingi. Mtu wa makamo anaposema bendi za 2001, mwaka wa Is This It ya The Strokes, zilikuwa na moto ambao za leo hazina, huenda anausemea moto uliokuwa ndani yake.

Kiswahili kimeliona jambo hili na kulitia katika sarufi. Nyimbo za zamani zinazoendelea kupigwa redioni huitwa zilipendwa nchini Tanzania, na zilizopendwa nchini Kenya. Kitenzi hicho kiko katika wakati uliopita na katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Hakisemi nyimbo hizo zilikuwa nzuri, wala hakisemi zinapendwa leo, bali kinashuhudia kwamba palikuwa na watu waliozipenda. Hiyo ni kauli ya kweli isiyoweza kukanushwa, na ni ndogo kuliko ile ambayo mbishi wa muziki anataka kuitoa.

Kipendacho roho

Kutoka hapo wengi huruka hadi mwisho: kipendacho roho hula nyama mbichi, kila mtu na chake, basi hakuna hukumu. Ni hitimisho lenye mvuto wa uungwana, kwani halimdharau yeyote. Lakini haliendani na namna watu wanavyoishi na muziki. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1790, alitofautisha kinachopendeza na kilicho kizuri. Mtu akisema divai ya visiwa vya Canary inapendeza, anakubali kurekebishwa aseme inampendeza yeye. Akisema kitu ni kizuri, kisha akaongeza kwamba ni kizuri kwake tu, amejichekesha, kwa sababu neno zuri lenyewe linaomba ridhaa ya wengine. Haliwalazimishi, bali linawaalika. Kijana anayemkabidhi mwenzake Souvlaki na kumwambia asikilize hadi mwisho hatoi taarifa ya hisia zake. Anamwalika ashuhudie.

Mwaliko huo una msingi gani? Hume alijibu kwa kisa alichokitoa katika Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, waliombwa waonje divai ya pipa moja. Wa kwanza alisema ni nzuri, ila ina ladha ndogo ya ngozi. Wa pili alisema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Walichekwa wote wawili. Pipa lilipomalizika, chini yake ulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Funzo la kisa hicho ni kwamba hisia inaweza kuwa ya mtu binafsi na bado ikawa inagusa kitu kilichomo ndani ya pipa. Maoni kuhusu bendi hupata ukweli yanapoelekeza sikio kwenye kitu ambacho mwingine anaweza kwenda kukitafuta. Katika Big Star kipo: namna sauti zinavyopangwa juu ya gitaa zinazometa, na jinsi shangwe ya muziki inavyobeba maneno ya upweke. Katika Slowdive kipo pia. Kilichoitwa ukungu kina tabaka, na anayerudia huanza kusikia gitaa moja likipokezana na jingine, na sauti mbili za waimbaji zikitumika kama ala. Waliokejeli mwaka 1993 hawakuwa na ladha tofauti tu. Kulikuwa na kitu pipani ambacho hawakukionja.

Hume alitaja sifa za mwonjaji wa kuaminika: akili timamu, wepesi wa kuhisi, mazoezi, kulinganisha, na kujiondolea upendeleo. Sifa ya mwisho ndiyo inayokosekana mara nyingi bendi zinaposhuka kwa mafungu. Baada ya 2001 makampuni ya Uingereza yalisajili bendi nyingi za gitaa, na kufikia 2008 waandishi waliochoka walikuwa wakizifananisha na taka za jalala. Jina hilo liliwaangukia wazuri na wabaya kwa pamoja. Aliyelikubali alipata hukumu bila kusikiliza, kama mtu anayeonja chapa iliyobandikwa pipani badala ya divai.

Je, wakati ni hakimu wa haki?

Kwa Hume, kipimo kikuu ni muda. Homer aliyewafurahisha Waathene bado alisomwa London na Paris, kwa sababu wivu na mitindo vilikwisha, ikabaki kazi yenyewe. Methali inasema jambo linalokaribiana na hilo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kisa cha Big Star kinaitia methali hii majaribuni. Kizuri hakikujiuza, kwa kuwa hakikufikishwa dukani.

The Raincoats wanalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Ana da Silva na Gina Birch waliianzisha bendi hiyo London, na albamu yao ya kwanza ikatoka Rough Trade mwaka 1979. Bendi ikavunjika, santuri zikaadimika. Mwaka 1992 Kurt Cobain wa Nirvana, akiwa London, aliitafuta albamu hiyo dukani, akaelekezwa kwenye duka la vitu vya kale alikokuwa akifanya kazi da Silva. Mwaka uliofuata kazi za bendi zikatolewa upya, Cobain akiandika maneno ya utangulizi, na 1994 bendi ikarudi jukwaani. Kama mtu mmoja maarufu asingepita njia ile, huenda wakati ungebaki kimya. Tena waliokuwa wakiandika historia ya muziki huo walikuwa wanaume kwa wingi, na bendi za wanawake ziliachwa pembeni mara nyingi. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alionya mwaka 1979 kwamba ladha inayojiita safi hubeba alama za tabaka na elimu ya mwenye nayo. Onyo hilo linawahusu pia wanaokaa kwenye kiti cha wakati na kuhukumu kwa niaba yake.

Siku hizi kiti hicho kina mkaaji mwingine, mashine. Pavement wa California waliurekodi wimbo Harness Your Hopes katika miaka ya 1990, wakauweka kando, wakautoa mwaka 1999 kama nyongeza ya santuri ndogo. Miaka ishirini hivi baadaye ukawa wimbo wao unaosikilizwa kuliko wote kwenye Spotify, baada ya programu yenyewe kuanza kuucheza nyimbo nyingine zilipomalizika. Hapo haijulikani kirahisi ni nani aliyependa. Kuacha wimbo uendelee si sawa na kuutafuta, na ushahidi wa msikilizaji una uzito kulingana na umakini wake.

Kutokana na hoja hizi, wengine huona kwamba kipimo cha wakati kimevunjika. Sivyo. Kimepungua upande mmoja tu. Kazi inayoendelea kupendwa baada ya mtindo wake kuisha, na watu wa umri na miji tofauti wasiofaidika na sifa yake, imeleta ushahidi mzito kwamba ina kitu pipani. Cobain aliwafungulia The Raincoats mlango, lakini hakuweza kusikiliza kwa niaba ya waliokuja baada yake. Kwa upande wa pili hali si hiyo. Kazi iliyosahauliwa haijaleta ushahidi wowote dhidi yake. Huenda haikufika dukani, huenda mtangazaji alikuwa na haraka usiku ule, huenda kanda zake zimekaa kwenye dari ya nyumba ya mtu. Kudumu ni ushahidi wa ubora, lakini kusahauliwa si ushahidi wa ubovu. Methali inabaki kweli kwa sharti ambalo kila muuzaji analijua: kizuri chajiuza kikishawekwa mezani.

Wajibu wa mwenye maoni

Yanayofuata kutoka hapo ni ya kimaadili kama yalivyo ya kifalsafa, maana sifa na kejeli hufungua na kufunga riziki za watu. Anayesema bendi imepanda au imeshuka hana budi kubainisha anazungumzia nini kati ya mambo manne: mauzo, kazi mpya, hadhi ya kazi ya zamani, au moyo wake mwenyewe. La kwanza atalithibitisha kwa hesabu. La mwisho atalikiri bila aibu, kwani kukua si kosa. Kwa yale mawili ya katikati anadaiwa kitu kingine: kuonyesha mahali pa kusikiliza, ili asiyekubaliana naye aweze kwenda kuonja mwenyewe.

Anadaiwa pia kutopima kwa mizani moja. Sifa anaweza kuitoa leo, akiwa peke yake, kama walivyoitoa wachache waliowasikia Big Star mwaka 1972. Hawakuwa na umati nyuma yao, na bado walikuwa sahihi, kwa kuwa kilichowafanya wawe sahihi kilikuwa tayari kimo katika santuri. Hukumu ya kushuka inahitaji zaidi: kuisikiliza kazi tena baada ya mtindo kupita, bila jina la fungu ilimowekwa, na bila kuidai irudishe ujana uliokwenda. Asiyeweza kufanya hayo anaweza kusema kwamba haipendi tena, na atakuwa amesema kweli. Kwamba imeshuka, hilo atakuwa bado hajalijua.